Wa Kwanza Mashineni

Ilikuwa saa kumi na mbili na dakika saba jioni. Naikumbuka dakika yenyewe kwa sababu mwezi wa Ramadhani ratiba ya swala hubandikwa ukutani kwetu, juu ya mtungi wa maji, na magharibi ya siku ile ilikuwa imeandikwa hivyo. Adhana iliposikika tulikula tende, tukanywa maji, na binti yetu, ambaye wakati ule alikuwa na miezi kumi na minane, akanyakua nusu ya chapati kutoka kwenye sahani ya mama yake. Aliila amesimama, akitutazama kama mtu anayeogopa kunyang'anywa.

Saa mbili kasoro robo alianza kulia. Saa mbili tumbo lilikuwa limevimba na kuwa gumu. Alitapika mara moja, kisha akaharisha choo cheupe, kingi, chenye mafuta, cha harufu iliyotulazimisha kufungua madirisha yote mawili. Baadaye akalala, hoi.

Katika hayo hapakuwa na jipya. Tulikuwa tumeyazoea kwa miezi mitano. Tulimpa dawa ya minyoo mara mbili. Tulilaumu meno, maji ya bomba, na jicho la watu. Ila siku zote ugonjwa wake ulikuwa wa asubuhi: ulianza mtu akiwa ndio kwanza anafungua duka, ukapanda mpaka saa nne, na kufika adhuhuri ukawa umepungua. Jioni ile, nilipokuwa nafua nepi, nilitambua kwamba tumo katika siku ya nne ya mfungo, na siku zote nne mtoto alikuwa ameamka mzima, amecheza mchana kutwa, kisha akaugua baada ya magharibi. Ugonjwa ulikuwa umehama saa.

Mimi ni fundi wa mizani. Kibanda changu kiko mtaa wa Cibitoke, si mbali na nyumbani. Natengeneza mizani za wauza nyama, za wauza mchele, na zile za kuning'iniza ambazo wavuvi hupimia samaki. Sikuisomea kazi hii. Nikiwa kijana nilifungua mizani moja iliyokufa, nikaendelea kufungua nyingine. Hata Kifaransa nilikipata kwa njia hiyo, kwa kusoma vijitabu vinavyokuja ndani ya maboksi, kamusi ikiwa pembeni. Kosa la mizani likihama, mimi huliacha kwanza lilivyo, nikatafuta ni kitu gani kingine kimehama pamoja nalo.

"Toka Ramazani ianze, nini imebadilika hapa kwetu?" nikamwuliza mke wangu.

"We ndiye umebadilika, Baba. Ikifika saa kumi mutu hawezi kukusemesha."

"Nauliza ya mutoto."

"Mutoto hafungi. Anakula wali, anakula maharage, anakula ndizi. Ni sisi tunateseka."

Jibu nililipata kesho yake, langoni. Chumba cha mbele cha kiwanja chetu tumempangisha mama mmoja aliyekimbia kutoka Uvira, ng'ambo ya mpaka, anayekaanga mandazi nje ya lango. Siku za kawaida huwasha jiko kabla jua halijachomoza, ili wanaokwenda kazini wapate cha kununua. Lakini nusu ya wateja wake ni Waislamu, na mwezi wa Ramadhani huihamishia kazi yake jioni, karibu na futari. Mama huyu ana desturi yake. Andazi la kwanza kutoka kwenye mafuta haliuzwi. Hupewa mtoto mdogo kuliko wote kiwanjani, kwa sababu, anasema, mkono usiojua pesa ukifungua biashara, biashara inakwenda. Binti yetu alikuwa ameshika cheo hicho tangu alipoota meno ya kutafunia. Kila asubuhi alikuwa langoni, amekumbatia andazi lake kwa mikono miwili. Sasa alikuwa akilipata jioni, na chapati juu yake.

Nilimwomba jirani anitajie anachochanganya. Alinitazama kwa mashaka.

"Papa, unataka kufungua biashara mbele ya biashara yangu?"

"Apana, Mama. Nataka kujua mutoto anakula nini."

"Unga ya ngano, sukari, hamira, chumvi, mafuta. Hakuna siri."

Chapati yetu haina sukari wala hamira. Vilivyokuwamo kwenye vyote viwili vilikuwa ngano, chumvi na mafuta. Na chumvi na mafuta vimo pia katika maharage, ambayo hayakuwahi kumdhuru. Ilibaki ngano. Nilisimama pale langoni na furaha ambayo sikuweza kuionyesha, kwa maana ni ajabu kumfurahia adui kwa sababu tu umemjua.

Siku hiyo hiyo tuliiondoa ngano kwenye sahani ya mtoto. Kuiondoa kwenye mkono wa jirani kulikuwa kazi nyingine.

"Mutoto wako hapendi tena mandazi yangu?" aliuliza. "Ama ni we hupendi?"

"Yanamuumiza tumbo."

"Mandazi yangu? Ninakaangia mutaa muzima, na hakuna mutu alikufa!" Akageukia jiko. "Na biashara yangu nani ataifungua? Mbuzi?"

Nikamwambia nitaifungua mimi. Alicheka mpaka akashika goti, kwa sababu mkono wangu unajua pesa vizuri, lakini hakuwa na mtoto mwingine mdogo kiwanjani. Idi ilipopita na kazi yake ikarudi asubuhi, andazi la kwanza likawa langu, na mtoto akawa anapewa ndizi mbivu kwa mkono ule ule.

Kabla ya Idi tumbo lake lilikuwa limeshuka. Neno lake la kwanza maishani, na alilolipenda kuliko mengine, lilikuwa "apana": alilisema kwa kijiko, kwa kuku, kwa kofia yangu. Katika miezi ya ugonjwa aliliacha. Alikubali kila kitu kwa uchovu, na mimi nilidhani amekua na kuwa mtulivu. Siku mbili baada ya Idi nilimsikia mama yake akipiga kelele uani.

"Baba, kuja! Amesema apana! Alhamdulillahi, amenikatalia uji!"

Lakini uzito haukupanda. Nilikuwa nampima mwenyewe kibandani, kwenye mizani ambayo niliirekebisha mara tatu nikidhani yenye kosa ni yenyewe. Kilo nane na gramu mia mbili, wiki hii na wiki iliyofuata. Nyonga zake zilikuwa na ngozi iliyokunjamana kama ya mtu mzee. Ndipo tukaenda mjini kumwona daktari wa watoto.

Alikuwa mwanamke asiye na haraka. Nilimweleza habari ya ugonjwa uliohama saa, naye akanisimamisha mara mbili ili nirudie. Kisha akataja jina la Kifaransa, akaligeuza kwa ajili ya mke wangu: ugonjwa wa siliaki. Katika ngano na shayiri mna kitu kinachoitwa gluteni. Kuna watu ambao miili yao hukiona kama adui, na katika kukipiga vita huujeruhi utumbo wao wenyewe, hata vyakula vingine vyote vikapita bila kufyonzwa. Wapo pia ambao ngano huwasumbua kwa muda tu, kisha wakapona. Kwa macho, alisema, mtoto wa namna hii na wa namna ile hufanana.

"Sasa hivi ni tuhuma tu, Papa. Kuna kipimo cha damu, tunaituma Ulaya. Ni laki tatu na elfu tano. Lakini mulisha kumuachisha ngano?"

"Tulisha kumuachisha, Dokta. Wiki sita sasa."

Akaweka kalamu chini. "Mulifanya haraka."

Kipimo kile, alitueleza, hutafuta alama za ile vita katika damu. Asiyekula ngano hana vita, na damu yake itasema uongo. Ingetubidi kumrudishia mkate kila siku kwa wiki kadhaa, kisha tumlete.

Mke wangu akamvuta mtoto kifuani. "Apana, Dokta," akasema. "Mi siwezi kumupa mutoto wangu sumu ili karatasi ya Ulaya iniambie ni sumu."

Daktari hakubishana naye. Alitueleza tu tunachochagua. Kama ni siliaki, ni ya maisha, na hata chembe zina madhara. Mtoto anaweza kuonekana mzima huku utumbo unaumia na mwili haukui. Kama si siliaki, tutakuwa tumemfungia mtoto mkate maisha yake yote bila sababu. Kwa sasa tuendelee bila ngano, tuache na maziwa kwa muda, maana utumbo uliojeruhiwa huyashindwa, na tumpime kila wiki.

Petroli ilikuwa adimu, magari machache, tukarudi kwa miguu tukipokezana kumbeba. Alikuwa mwepesi mno, na wepesi ule haukunipunguzia safari. Kumlinda mtu na chembe maisha yake yote, shuleni, harusini, kwa majirani, ni kazi inayotaka uhakika. Sisi tulikuwa na tuhuma.

Nilitaka angalau kukiona hicho kitu. Nilikuwa nimesoma namna ya kukipata. Nikakanda donge la unga wa ngano, nikaliweka chini ya bomba, nikawa nalikamua taratibu. Maji yalitoka meupe kama maziwa kwa muda mrefu. Yalipoanza kutoka safi, mkononi mwangu kilibaki kipande cha rangi ya kijivu kinachovutika kama mpira wa tairi la ndani la baiskeli. Nikafanya hivyo hivyo kwa unga wa muhogo: ulikwisha wote, mkono ukabaki mtupu. Nilimwita mke wangu, nikamwita na jirani.

"Hiki ndicho kinamuumiza," nikasema nikikivuta.

Jirani akakichukua, akakivuta, akakinusa. "Kumbe ndiyo maana mandazi yangu inajaza watu," akasema, akaridhika.

Lakini tangu wiki ile tuliyoiondoa ngano nilikuwa ndani ya kosa, na niliingia kwa utaratibu mzuri. Mtoto alikuwa anaishi kwa uji. Unga wa uji wa dukani niliukataa, kwa sababu katika mifuko mingi ngano imo. Nikawa nanunua mahindi, mtama na soja, nazichambua mwenyewe juu ya ungo punje kwa punje, kisha kila Jumamosi nazipeleka kwenye mashine ya kusaga, mtaa wa pili. Nilihakikisha nafika inapofunguliwa, ili niwe wa kwanza. Katika kazi yangu mizani hukaguliwa asubuhi, kabla haijabeba kitu chochote, kwa sababu hapo ndipo sifuri yake ni ya kweli. Mashine niliichukulia hivyo hivyo: ya asubuhi ndiyo safi.

Hata siku nilizokuta wanawake wawili watatu wamenitangulia, walinipisha. "Pita, muzee, pita," walisema, wakivuta ndoo zao pembeni. Niliona ni heshima ya mvi zangu, nikawashukuru.

Ili kuwa na hakika, niliuosha hata ule unga chini ya bomba kama nilivyoosha ngano. Haukuacha kitu mkononi. Basi uji nikautoa kabisa kwenye orodha ya washukiwa iliyokuwa kichwani mwangu, na sikurudi kuufikiria.

Nikaanza kuona kwamba wiki za mtoto ni za ajabu. Jumamosi mpaka Jumanne alikuwa vizuri. Jumatano alipungua hamu. Alhamisi na Ijumaa tumbo lilijaa, choo kikalegea, kilio kikarudi. Kisha Jumamosi akaamka mzima. Uzito uliongezeka gramu sabini, ukarudi nyuma gramu sabini.

Nikaishuku Ijumaa. Ni siku ya wageni kwetu. Watu hupita baada ya swala, mke wangu hupika pilau, mifuko ya watu huwa na biskuti. Nikapiga marufuku biskuti. Ijumaa iliyofuata mtoto akaugua. Nikaondoa bizari, kwa kuwa nilisoma kwamba wauzaji wengine huziongezea unga. Akaugua. Nikamwomba mke wangu asipike pilau kabisa.

"Sawa," akasema. "Umeondoa mandazi, umeondoa maziwa, umeondoa wageni, sasa umefika kwenye pilau. Wiki ijayo utaondoa nani? Mi nijiandae?"

"Ondoa kitu kimoja kimoja, ndiyo njia."

"Huyu ni mutoto, Baba. We unamufungua kama mizani."

Ilikuwa kweli, lakini sikujua namna nyingine.

Jumamosi moja ya mwezi wa tano umeme haukuwapo. Nilifika mashineni alfajiri nikakuta kufuli. Umeme ulirudi baada ya adhuhuri, na niliporudi nilikuta foleni ndefu. Siku hiyo hakuna aliyenipisha. Mtu aliyekuwa mbele yangu alikuwa mama mwenye ndoo ya mtama mwekundu. Aliyemtangulia alikuwa amesaga muhogo mkavu, mweupe kabisa. Msagaji, kijana mnene aliyejaa vumbi la unga mpaka kwenye nyusi, alimwaga mtama juu ya mashine, akaning'iniza mfuko wa yule mama chini. Mimi, kwa kuwa sikuwa na la kufanya, nilitazama mdomo wa mashine.

Unga ulitoka mweupe.

Ulitoka mweupe kwa muda, vikombe viwili vitatu hivi, kisha ukawa wa rangi ya waridi, kisha mwekundu wa mtama. Muhogo wa mtu mwingine ulikuwa umebaki ndani, na mtama ndio uliousukuma nje. Nilipiga makofi mara moja, peke yangu, watu wakageuka.

"We fundi," nikamwuliza msagaji, "asubuhi ukifungua, ndani ya mashine kunakuwa na nini?"

"Unga ya jana, muzee. Itakuwa na nini ingine?"

"Na jana jioni kwa kawaida unasaga nini?"

"Jioni ni uji ya mchanganyiko. Wamama wakitoka kazini. Ngano, soja, mahindi." Akapangusa uso. "Leo umechelewa, muzee. Tulisema, sasa nani atatusafishia mashine?"

Foleni nzima ikacheka. Mama mwenye mtama akanishika mkono, akajaribu kuuficha ucheko.

"Usikasirike, muzee. Hapa hakuna mutu anapenda kuwa wa kwanza. Wa kwanza anabeba unga ya wengine. Sisi tulikuwa tunasema, huyu muzee wa mizani ni mutu muzuri sana, kila Jumamosi anasafisha mashine, na analipa yeye!"

Nilicheka nao. Wakati huo huo kichwa changu kilikuwa kinatafuta kitu kingine: kwa nini Ijumaa? Kama ngano ilikuwa kwenye uji, mtoto angeugua Jumamosi hiyo hiyo. Nilifika nusu ya njia kabla sijasimama. Mfuko huning'inizwa chini ya mashine. Unga wa kwanza kutoka huanguka chini kabisa, na wa mwisho hukaa juu. Mke wangu huchota kuanzia juu. Ngano ya jana jioni ilikaa chini ya mfuko wiki nzima ikingoja, na kijiko kiliifikia kati ya Jumatano na Ijumaa. Na niliposafisha unga chini ya bomba nilikuwa nimechota juu. Hata kama ningechota chini, ngano kidogo namna ile isingeshikana mkononi mwa mtu.

Nilimweleza mke wangu, nikichora mfuko kwa kidole juu ya meza. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo Ijumaa haina makosa."

"Haina."

"Na pilau?"

"Haina."

"Basi nenda kwa muuza nyama, ulete ya pilau," akasema, "kabla hajafunga."

Jumatatu nilikwenda kwa daktari peke yangu, nikiwa na aibu kidogo, kumwambia kwamba wiki kumi tulizodhani mtoto hakuonja ngano, alikuwa akiila. Nilitegemea karipio. Daktari aliinama mbele.

"Kwa hiyo hakuacha."

"Hakuacha, Dokta. Alikuwa anakula kidogo, kila mwisho wa wiki."

"Na vita haikuisha." Alinieleza polepole, kama mtu anayejihesabia mwenyewe. Kama ni siliaki, kiasi kile kidogo huenda kilitosha kuziacha alama kwenye damu. Hatukuhitaji tena kumrudishia mkate. Tulikuwa tumempa bila kujua. Lakini damu itolewe wiki hii hii, kabla unga safi haujafanya kazi yake. "Ikitoka juu, tutajua. Ikitoka chini, hatutajua kitu, na pesa itakuwa imepotea. Siwezi kukuahidi."

Nilirudi na maneno hayo kama yalivyo. Mke wangu yumo katika ikirimba, kikundi cha akiba ambacho wanawake hupokezana mchango, na zamu yake ilikuwa imefika mwezi ule. Pesa ile aliikusudia kwa cherehani. Aliniuliza swali moja tu.

"Hatutamulisha ngano?"

"Hata punje."

Akaenda ndani akaileta. Sindano ilipoingia mtoto alimwambia mwuguzi "apana" mara nyingi kuliko nilivyowahi kumsikia, na mama yake alilia na kucheka kwa pamoja.

Wakati wa kungoja nilikwenda Kajaga, ufukweni mwa ziwa, kutengeneza mizani ya wauza samaki. Chumvi ya jasho na magamba huzila springi zake. Katika banda lao kulikuwa na mashine ndogo ya mkono, yenye mpini, waliyoiacha baada ya kuitumia kusagia ndagala, wale dagaa wa ziwani, waliokauka. Niliichukua badala ya malipo. Niliifungua yote, nikaichemsha vipande vipande, nikapiga msasa meno yake. Tangu siku hiyo nasaga mwenyewe uani, na hakuna unga wa jana ndani yake ila wangu. Harufu ya ndagala haikutoka kabisa.

"Uji inanuka ziwa," mke wangu alisema.

Mtoto aliomba bakuli la pili.

Jibu lilikuja baada ya wiki tatu na siku chache. Daktari alinionyesha karatasi. Mpaka wa kawaida ulikuwa kumi. Upande wa binti yetu haukuwa na namba kamili. Paliandikwa alama ya kuonyesha "zaidi ya" na namba kubwa ambayo mashine yao huishia. Hilo nililielewa bila kufafanuliwa. Sindano ya mizani ikigonga mwisho wake, hujui mzigo ni kilo ngapi, lakini hutabisha tena kwamba ni mzito.

"Na huko kumuingiza mupira tumboni, kuangalia utumbo?" niliuliza, kwa maana nilikuwa nimesoma kwamba wengi hufanyiwa hivyo, na kwa mtoto mdogo kama wetu tuliambiwa ingetubidi kwenda Nairobi.

"Ikiwa juu namna hii, tunaweza kutoa damu mara ya pili, kwa kipimo ya aina ingine. Ikikubali, hatutamupeleka."

Ikakubali.

Nilidhani siku nitakayojua kwa hakika kwamba ni ya maisha itakuwa siku ya huzuni. Nilipotoka pale nilihisi kama mtu aliyepewa ufunguo wa nyumba ngumu kuikaa, lakini ni yake. Bado kuna mengi nisiyoyajua. Sijui kama maziwa yatarudi. Tumejaribu kijiko kimoja cha mtindi na tunangoja. Sijui shule itakuwaje. Daktari amesema ndugu wa damu nao wapimwe, na nimeanza kuyatazama upya matumbo ya ukoo wangu, nikikumbuka shangazi aliyekuwa mwembamba na kuogopa mkate, ambaye sote tulimwona ana maringo.

Jumamosi iliyopita nilimpima kibandani. Siku hizi hupanda mwenyewe kwenye sahani ya mizani, akisha kuweka mawe yake mawili ya kuchezea pembeni kwanza. Kilo tisa na gramu mia sita. Mimi nimeongezeka kilo mbili, kwa sababu ya andazi la kwanza, ambalo jirani hakubali nilikose hata siku moja; biashara yake, anasema, haijawahi kwenda vizuri kama sasa, na mkono wangu umesahau pesa.

Mke wangu ameahidiwa cherehani kwenye zamu ijayo. Ndiye aliyenitaka nipige hesabu ya mwisho, jioni moja tukiwa tumekaa uani na mtoto akizungusha mpini wa mashine tupu. Nauli ya watatu mpaka Nairobi, malazi na hospitali, kwa makisio tuliyokuwa tumepewa, ingefika milioni tatu na laki mbili. Vipimo viwili vya damu vilichukua laki sita na elfu kumi.

"Kwa hiyo tumeokoa ngapi?" akauliza.

Nikamwambia: tumeokoa faranga milioni mbili, laki tano na elfu tisini, ambazo hatukuwa nazo.